Siku Zenyewe

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, na ambayo ningefurahi sana kama ningeweza kuisahau, ilianza kwa mimi kupiga pasi gauni jeupe la uuguzi mpaka likawa gumu kama karatasi. Nilikuwa kijana, nimetoka chuoni juzijuzi, nimepangiwa kazi kwenye zahanati ya serikali hapahapa Kariakoo, karibu kabisa na nyumba niliyozaliwa. Nilijiona nimefika. Hata mwendo nilibadilisha, na wenzangu wa Mtaa wa Swahili walikuwa wakiniigiza nyuma yangu bila mimi kujua.

Sikuwa na mpango wa kukusimulia habari hii. Ila juzi ulipokuja kwangu kula maandazi, ulinieleza jinsi mzee mmoja alivyokuja na mkewe zahanati unakofanyia uuguzi, wakitaka kufundishwa kupanga uzazi kwa njia ya shanga, nawe ukamtoa mzee nje akakae kwenye benchi, kwa kuwa uliona haya. Mkewe ukamweleza juujuu tu. Ulisema, "Ataelewa mwenyewe, si mtu mzima?" Nilicheka, maana unajua kuigiza watu, na sauti ya yule mzee uliipatia kweli. Lakini ulipoondoka chai yangu ilipoa mezani. Ningekuambia palepale, ila na mimi nina aibu zangu, na hii ndiyo kubwa kuliko zote, kwa hiyo nimeona nikuandikie ili nisikutazame usoni.

Miaka ile njia za asili za uzazi wa mpango ndiyo kwanza zilikuwa zinaingizwa kwenye zahanati za serikali. Kabla ya hapo mama akija kwetu alikuta vidonge, sindano, vipandikizi na kitanzi. Asipotaka hivyo, tulimwambia akafikirie vizuri kisha arudi, na wengi hawakurudi. Ndipo ikaamuliwa kwamba njia za asili nazo zifundishwe katika chumba kilekile, na muuguzi yuleyule, kwa uzito uleule. Mimi nikateuliwa kwenda semina. Nadhani niliteuliwa kwa sababu nilikuwa mdogo kuliko wote na sikuwa na watoto wa kuacha nyumbani, lakini mtaani nilisema nimechaguliwa kwa akili.

Huko tulifundishwa kuhusu ute, joto la mwili na kunyonyesha, na mwisho tukaletewa zile shanga. Wewe unazijua, lakini nitazieleza kama vile huzijui, na utaona sababu yake mbele. Ni mkufu wa shanga za plastiki wenye kipete cha mpira. Ushanga mwekundu ni siku ya kwanza ya hedhi. Kila siku mwanamke anasogeza kipete kwenda ushanga unaofuata. Za kahawia ni siku ambazo si rahisi kushika mimba. Nyeupe ni siku ambazo mimba inaweza kuingia, na hapo mke na mume wasiotaka mtoto wanajizuia, au wanatumia kondomu. Tena njia hii ni kwa mwanamke ambaye siku zake hazirukiruki. Basi, ni hilo tu, hata mtoto wa darasa la tano anaelewa.

Mwalimu wetu alikuwa mama mnene mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuuza nyanya sokoni. Alitusisitizia mambo mawili mpaka tukachoka. La kwanza, kila kitu kiitwe jina lake. La pili, mteja asitoke chumbani mpaka arudie maelezo kwa maneno yake mwenyewe, na kama mume yupo, naye arudie. Sisi tulikuwa tunafinyana chini ya meza na kucheka. Tulikuwa tunachekea shanga. Wewe umelelewa hapahapa pwani, huhitaji kuambiwa kwamba shanga kwetu zinavaliwa kiunoni na nani anaruhusiwa kuzisikia zikilia. Msichana anakabidhiwa na somo wake, kungwi wake, kwa kunong'onezwa. Sasa serikali inatuambia tuzitandaze mezani mbele ya wanaume, asubuhi, dirisha likiwa wazi! Niliona wamekosa adabu wao, si sisi.

Wanawake peke yao niliwafundisha vizuri, sijisifu. Tulifunga mlango, tukacheka, nikasema yote. Akina mama wa Jangwani, wauza mboga, hata bibi mmoja aliyekuja kumsikilizia mjukuu wake. Wanaume hawakuwa wakija, na mimi kimoyomoyo nilishukuru.

Kisha akaja Ami Nassor.

Ami hakuwa ndugu yetu wa damu. Alikuwa rafiki wa baba yangu tangu ujana wao, Mwarabu wa hapahapa, babu zake walikuja zamani sana, mpaka wenyewe wameshasahau walitokea kijiji gani. Alikuwa na duka la bafta, kile kitambaa cheupe cha pamba, na kanzu upande wa Msimbazi, na nilipokuwa mdogo alinipa vipande vya bafta vilivyobaki nimshonee mwanasesere wangu nguo. Baba aliniambia nimwite Ami, kama vile ni ndugu yake, nami nikamwita hivyo maisha yangu yote. Mtu mpole, anayeongea taratibu na kumaliza sentensi zake.

Mke wake wa kwanza alifariki, akamwoa Salha, ambaye alinizidi mimi miaka michache tu. Salha alikuwa amejifungua mara mbili kwa kupasuliwa, na mara ya pili alitoka damu nyingi hadi watu wakaanza kumsomea. Daktari aliwaita wote wawili akawaambia wazi kwamba mimba nyingine kabla mwili haujapona vizuri inaweza kumuua. Salha akajaribu vidonge, presha ikapanda. Akajaribu sindano, ikamletea matone ya damu yasiyokatika, mwezi unaingia na kutoka hana sala, na Ramadhani ikampita hivihivi akiwaangalia wenzake wanafunga. Aliniambia hilo lilimuumiza kuliko kisu cha daktari. Vipandikizi na kitanzi hakutaka hata kuvisikia. Siku moja akiwa benchi la zahanati akasikia wanawake wanazungumzia shanga, na siku zake zilikuwa zimeshatulia, zinakuja kwa mpangilio. Akaniuliza, nikamwambia aje na mumewe. Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo semina ilivyosema. Wallahi sikudhani angekuja naye kweli.

Ile Alhamisi asubuhi nikainua macho, namwona Ami Nassor mlangoni na kanzu yake nyeupe na kofia, Salha nyuma yake kajitanda buibui. Nilitamani ardhi ipasuke nizame.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Leo daktari wetu ni wewe," akasema, na niliona kwamba anajivuna kwa ajili yangu, kama vile baba angejivuna.

Nikawakaribisha. Nikafungua droo nikazitoa shanga, na nilipozisikia zinagongana nikazirudisha haraka. Nikachukua bahasha ya kaki, nikazitia humo, nikaiweka bahasha mezani. Basi ndiyo nikaanza kufundisha, mwanangu, kwa kuchungulia ndani ya bahasha na kuvuta mkufu kidogokidogo kama mtu anayetoa kitu cha wizi. Bango kitita lenye picha lilikuwa ukutani. Niligeuza kiti changu nikaliziba kwa mgongo.

Sikusema hedhi. Nilisema, "Huu mwekundu ni pale anapokuwa hana sala." Ami akaitikia kwa kichwa. Sikusema mimba, sikusema mume na mke kukutana, sikusema kondomu, Mungu anisamehe. Nilisema, "Hizi za kahawia ni siku za kawaida tu." Kisha nikafika kwenye nyeupe, uso unaniwaka moto, nikazigusa kwa ncha ya kalamu nikasema, "Na hizi nyeupe, Ami, ndizo siku zenyewe."

Akatazama ndani ya bahasha. Akauliza taratibu, "Kwa hiyo nyeupe ndizo."

"Ndizo, Ami."

"Alhamdulillahi. Tumeelewa."

Salha alikuwa anachezea ncha ya mtandio wake. Nilijua kwamba natakiwa kumwambia Ami arudie kwa maneno yake. Lakini nitamwambiaje mtu aliyenipa bafta ya mwanasesere aniambie siku gani atalala na mkewe? Nilimkabidhi Salha bahasha, nikawasindikiza mpaka nje, kisha nikarudi kukaa, nikashusha pumzi nikijisifu kwamba nimetunza heshima yangu na ya baba yangu.

Huenda ningepona hapo, kwa sababu nilipewa nafasi nyingine. Wiki kadhaa baadaye nilikutana na Salha sokoni, upande wa wauza nazi. Akanivuta mkono pembeni akaninong'oneza, "Sista, zile nyeupe, hebu nieleze tena." Alitaka kuendelea. Muuza nazi alikuwa ametega sikio, na pembeni yake kulikuwa na mwanamke wa mtaani kwetu ambaye habari haikai kinywani mwake. Mimi nikacheka kicheko cha haraka nikamwambia, "Bi Salha, ni hivyohivyo nilivyowaambia, fuateni tu." Nikachukua nazi zangu nikaondoka. Mpaka leo nikipita pale nageuza uso.

Miezi ikapita, na asubuhi moja Salha aliingia zahanati peke yake, ile bahasha ya kaki mkononi imechakaa. Kipimo kilionyesha ana mimba. Alikaa mbele yangu akasema, "Tumefuata, Sista. Wallahi tumefuata."

Sasa hapa, mwanangu, ndipo ninapotamani nisiandike. Nilimfokea. Nilikuwa muuguzi kijana, na wauguzi vijana tulidhani kufoka ni sehemu ya sare. Nilimwambia njia haina kosa, kosa ni la watu wasio na uvumilivu. Nilimwambia kama wangekuwa wanajizuia kama nilivyowafundisha asingekuwa amekaa pale. Nilisema na mlango ukiwa wazi. Mimi niliyeona haya kutaja hedhi mbele ya mumewe sikuona haya kumwita mwanamke mtu mzima asiye na uvumilivu mbele ya benchi zima la watu. Salha alikunja ile bahasha mara nyingi mpaka ikawa kipande kidogo, akaitia kwenye mkoba, nikamwandikia rufaa ya hospitali kubwa.

Mimba ilipokaribia kukomaa, kondo la nyuma likawa limejishikiza kwenye kovu la upasuaji wa zamani. Damu zikaanza kutoka nyumbani. Walimkimbiza hospitali, na habari ilipofika zahanati nilivua glavu nikaenda vilevile na gauni langu. Nilimkuta Ami Nassor kwenye korido, kakaa kwenye benchi la mbao, kofia mkononi. Sikuwahi kumwona bila kofia. Nilimwamkia, akaitikia, akanisogezea nafasi nikae.

Watu walikuwa wakipita na machela, wengine wanauliza dirisha la dawa liko wapi. Kisha akaniuliza, wala hakuwa na hasira, aliniuliza kama mwanafunzi anayemuuliza mwalimu wake.

"Mwanangu, hebu niambie nilikosea wapi. Siku zote za kahawia nilikuwa nalala dukani, juu ya majora ya bafta. Majirani wakadhani nimegombana na mke wangu. Nyeupe zikiingia ndiyo narudi nyumbani. Sikuwahi kuvunja hata siku moja. Sasa imekuwaje?"

Sikumwelewa mara moja. Nilimwelewa kidogokidogo. Mtu huyu amekaa maisha yake yote anauza kitambaa cheupe cha kuswalia. Kwake nyeupe ni safi, ni halali. Nikamwambia nyeupe ndizo siku zenyewe, na siku zenyewe akaelewa ni siku za kwenda kwa mkewe. Akafuata kwa uaminifu ambao sijauona kwa mteja mwingine. Kila siku ambayo ilikuwa haina hatari alijinyima, akalala juu ya majora na maumivu yake ya mgongo. Kila siku ya hatari alioga, akajitia manukato, akarudi nyumbani. Na mimi nilimwambia mkewe kwamba hawana uvumilivu.

Nilimwambia ukweli. Nilisema, "Ami, zilikuwa kinyume. Nyeupe ndizo siku za kujizuia."

Alijipangusa uso kwa ile kofia. Kisha akauliza, "Wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukanionea haya mimi."

"Ndiyo, Ami."

Akatazama mlango wa chumba cha upasuaji. "Heshima uliyonipa mimi, ungempa yeye," akasema. "Mimi sikuja pale nipewe heshima. Heshima ninayo nyumbani."

Nikaanza kulia. Akaniacha nilie, hakunibembeleza, na alifanya vizuri. Nilipomaliza akasema, "Haya, sasa nieleze. Kama ulivyotakiwa kunieleza siku ile. Usinifichie hata neno."

Basi nikamweleza, mwanangu, pale koridoni, watu wakipita. Nilisema hedhi. Nilisema yai la mwanamke na mbegu za mwanaume. Nilisema tendo la ndoa, nikasema kondomu, nikasema siku gani na kwa nini. Alisikiliza kwa makini, kichwa ameinamisha, na palipomtatiza aliuliza, nami nikajibu. Kisha mwenyewe, bila kuombwa, akarudia yote kwa maneno yake, hatua kwa hatua, hakukosea. Tulipomaliza alikaa akitazama sakafu.

"Kumbe ni maneno tu," akasema.

Mlango ukafunguliwa. Salha alikuwa hai. Kizazi kilikuwa kimetolewa, kwa sababu damu haikukubali kusimama, na mtoto, wa kiume, hakuishi. Ami Nassor akavaa kofia yake akaenda kuwasikiliza madaktari, na jioni alikwenda kufungua duka kukata kipande kidogo cha bafta ya sanda.

Niliwaza kuacha kazi. Niliwaza hata kuhama mji. Kabla ya lolote nilikwenda kwa mganga mfawidhi wetu, mkuu wa zahanati, nikamweleza kosa langu kama lilivyo, akanipa onyo, nalo nikaliona dogo mno. Kisha, Salha aliporudi nyumbani, nilikwenda kumwomba radhi. Nilimkuta sebuleni kaegemea mto, amekonda, ananywa uji. Aliniambia nikae. Nilisema yangu yote nikiwa natazama mkeka. Akajibu kwamba na yeye alinyamaza, na yeye alikuwepo mle chumbani, na moyo wake ulikuwa unamwambia kuna kitu hakijakaa sawa. Nilimwambia hapana. Yeye hakuwa analipwa mshahara wa kusema, mimi ndiye niliyekuwa nalipwa.

Akaweka kikombe chini. "Lile la kuficha maneno nimekusamehe," akasema. "Kuona haya kunatushika wote. Ila kuniambia hatuna uvumilivu! Mume wangu alikuwa analala dukani, Mwanaidi."

Hakuniita Sista siku ile, wala hajaniita tena. Ananiita jina langu, ananisalimu vizuri, Idi ikifika ananiletea sahani ya kaimati. Kila mwaka nazila kaimati zile na kila mwaka zinanikwama.

Sikuacha kazi. Wa kwanza kuja na mkewe baada ya pale alikuwa kuli wa bandarini, kijana wa miraba minne, shati limelowa jasho. Nilizitandaza shanga mezani. Bango kitita nikaliteremsha nikaliweka mbele yao. Nikataja kila kitu jina lake, naye kuli mzima na mabega yake akawa anatazama dirishani na kuchekacheka kwa haya. Nilijiona safari hii nimepatia. Kisha nikamwambia arudie.

"Nyekundu ni hedhi," akasema. "Halafu hizi za kahawia tunajizuia, hizi nyeupe poa, hamna noma. Nyeupe si ndiyo salama?"

Nilitaka kucheka nikashindwa. Nilikuwa nimemwambia waziwazi, kwa Kiswahili cha kueleweka, na bado kichwa chake kilikwenda kulekule alikokwenda Ami. Ndipo nilipojua kwamba haya yangu yalikuwa nusu ya kosa. Nusu nyingine ni kwamba kwetu nyeupe ni rangi ya usafi na amani, na nyekundu ndiyo ya hatari, na mtu hawezi kuyaacha hayo mlangoni eti kwa sababu kaingia zahanati. Kama nisingemwuliza nisingejua. Tulianza upya. Nikamwambia asahau rangi za mtaani, akumbuke kwamba mtoto anaingilia kwenye nyeupe. Aliporudia mara ya tatu akapatia, mkewe akampiga kofi la begani kwa furaha, nami nikageuka nikajifanya natafuta kalamu.

Tangu hapo nilimwambia kila aliyeketi mbele yangu: mtoto anaingilia kwenye nyeupe. Sista wengine walinicheka. Baadaye na wao wakawa wanasema hivyohivyo.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana haya ndiyo niliyotaka kukuambia tangu mwanzo nikazunguka mtaa mzima. Mzee akija na mkewe usimtoe nje akakae kwenye benchi. Mwanamume anayeacha duka lake au zamu yake kuja kukaa katika chumba kile ameshavuka haya yake, wewe ndiye uliyebaki ng'ambo. Mvutie kiti. Mwamkie kama unavyomwamkia baba yako, kisha umfundishe kama mteja. Taja hedhi, taja tendo la ndoa, taja kondomu, wala usiweke "ile" wala "zile" wala "zenyewe" mahali pa jina la kitu. Na wasitoke mpaka wote wawili wamerudia. Wakikosea usicheke wala usikereke, shukuru kwamba wamekosea mbele yako na si kitandani kwao. Mama ambaye siku zake zinarukaruka mwambie ukweli kwamba shanga hazimfai. Na mama ambaye mimba inaweza kumuua, kama Salha, mweleze bila kuficha kwamba zipo njia zenye uhakika zaidi ya hii, umsikilize kwa nini hazitaki, achague akiwa anajua. Mimi hata hilo sikulisema. Nilifurahi tu kwamba anataka njia ambayo nimetoka kuisomea.

Na akirudi na mimba, usifoke. Funga mlango, kaa chini, uliza, "Mlielewaje?" Swali hilo dogo kama ningemwuliza Salha siku ile, nisingembebesha mzigo wa maneno juu ya ule aliokuwa nao.

Sikukatazi kuona haya. Mtoto wa Kariakoo asiye na haya simtaki nyumbani kwangu. Yaweke kwenye mavazi, kwenye macho, kwenye kuwaamkia wakubwa. Ukivuka kizingiti cha chumba kile yavue uyaangike na mkoba wako, utayachukua jioni ukitoka. Siku ile mimi niliona haya asubuhi moja tu, na aibu yake ninayo mpaka leo, mvi zimenijaa kichwani.

Ami Nassor bado yupo, mgongo umepinda, duka wamelishika wanawe. Nikimwamkia ananiitikia "Marahaba, daktari," na bado anasema kwa kujivuna, nami bado natazama chini. Yule mzee uliyemwacha benchini sijui ni nani na sijui anaishi wapi, lakini wewe faili lake unalo. Kesho mtafute yeye na mkewe kabla hujafanya kazi nyingine, uwaite ndani wote wawili, utandaze shanga mezani.

Mwenyezi Mungu akulegeze ulimi, mwanangu, akufanye uwe mwepesi wa kuuliza na mgumu wa kufoka. Akupe wateja wanaokurudishia maneno yako yakiwa yamenyooka. Akujaalie uzeeke mtaani kwako ukila kaimati za Idi za kila nyumba, na zisikukwame hata moja. Amina.